VIBANDA VYA ISHARA NA DAFTARI LA ZAMU

Hotuba ya Halmashauri iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kabla hamjasomewa hesabu za fedha, twaomba ruhusa yenu tuseme maneno machache juu ya kazi moja inayotoweka, nayo ni kazi ya kushika ishara katika vibanda vya reli vya Uingereza. Huenda mtu akauliza, yatuhusu nini sisi? Wapo humu wazee waliotumikia reli ujana wao wote, nao wataitambua. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, ilijengwa na serikali ya Uingereza, na mikono ya ishara tuliyoizoea kando ya njia ilikuwa ya ufundi wa huko. Lakini iko sababu nyingine ya kuichagua habari hii, nayo inaihusu Halmashauri yenyewe. Tutaitaja mwishoni.

Kibanda cha ishara kilikuwa nyumba ya ghorofa iliyosimama kando ya njia. Juu palikuwa na madirisha mapana, ili mshika ishara aone magari ya moshi yajapo na yaendapo. Ndani zilisimama nyenzo za chuma, moja ubavuni mwa nyingine, kila moja na namba yake na rangi yake: nyekundu kwa ishara ya kusimamisha, njano kwa ishara ya kutahadharisha toka mbali, nyeusi kwa reli zinazogeuza njia, samawati kwa makomeo ya kuzifunga reli hizo, na nyeupe kwa wenzo usio na kazi. Mshika ishara alipovuta wenzo, waya mrefu uliopitishwa katika kapi uliuinua au kuushusha mkono wa ishara uliokuwa mbali naye. Aliushika wenzo kwa kitambaa, maana jasho la kiganja lingetia kutu chuma alichokuwa akiking'arisha kila siku.

Chini ya sakafu ndiko kulikokuwa na akili ya kibanda. Mwaka 1856 Mwingereza John Saxby alipata hataza ya mtambo wa kuziunganisha ishara na reli za kugeuza, na kutokana na fikira hiyo ulistawi ufundi wa kuzifunganisha nyenzo. Wenzo mmoja ukishavutwa, zile ambazo zingeleta hatari hufungwa, zisivutike. Mtu aweza kubembelezwa, au kuamrishwa na mkubwa wake, chuma hakibembelezwi.

Kati ya kibanda na kibanda yalikuwako mazungumzo ya kengele. Pigo moja: "Nisikilize." Mapigo manne: "Je, njia i wazi kwa gari la abiria liendalo kasi?" Mwenzake, kama njia ilikuwa wazi, aliyarudia mapigo yale yale, kama haikuwa wazi, alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa katazo. Mapigo mawili: "Limeingia." Mawili kisha moja: "Limetoka." Mapigo sita: "Hatari, njia imezibwa." Tena, kabla ya kusema kwamba gari limetoka, ilimpasa alitazame kwa macho yake mpaka aione taa ya nyuma, kwani taa hiyo ilikuwa ushahidi kwamba gari limepita zima, wala hakuna behewa lililokatika likabaki njiani. Mambo hayo yote yaliandikwa katika daftari, pamoja na saa na dakika yake.

Ndugu zetu, kanuni hizo hazikutungwa na watu waliokaa kivulini. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh katika Ireland, gari lililojaa watu wa matembezi, wengi wao watoto, lilishindwa kupanda kilima. Likakatwa vipande viwili, na mabehewa ya nyuma yakateremka yenyewe yakaligonga gari jingine lililokuwa likija nyuma, kwa sababu njia hiyo ililindwa kwa kuhesabu dakika tu baina ya gari na gari. Wakafa watu wapatao 80. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni za reli zitumie breki za gari zima, zifunganishe nyenzo, na kuhakikisha kwamba magari mawili hayawi katika kipande kimoja cha njia.

Hata hivyo, kanuni njema haimlindi asiyeishika. Asubuhi ya tarehe 22 Mei 1915, katika kibanda cha Quintinshill huko Scotland, washika ishara wawili walikuwa wakipokezana zamu. Yule wa mchana alikuwa na desturi ya kuchelewa, na mwenzake wa usiku alimsitiri: mambo ya dakika zile aliyaandika kwenye karatasi, ili ajaye ayanakili daftarini kwa mkono wake, isionekane kwamba alichelewa. Siku hiyo alifika kwa gari dogo la abiria, nalo likasogezwa njia ya upande wa pili ili kupisha jingine. Likasimama pale pale mbele ya kibanda. Ilipasa wenzo wa njia hiyo uvikwe pete ya chuma, iwe ukumbusho kwamba njia ina gari. Pete haikuvikwa. Mtia makaa wa gari hilo alipanda kibandani, kama sheria ilivyotaka, akatia sahihi yake katika daftari. Lakini hakuhakikisha kama pete iko. Mshika ishara aliyekuwa akinakili karatasi alisahau gari lililomleta mwenyewe, akalipokea gari la askari lililokuwa likija kasi, akaliruhusu lipite. Likaligonga lile dogo, na muda mfupi baadaye gari jingine la kasi, lililotoka upande wa London, likaingia katika mabaki. Moto ukawaka. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wao askari waliokuwa safarini kwenda vitani. Washika ishara wote wawili walitiwa gerezani.

Basi na tueleze jinsi vibanda vilivyopungua. Kabla ya vita vya 1914 vilikuwa yapata 12,000 au 13,000 katika Uingereza nzima. Reli zilipotaifishwa mwaka 1948 vilibaki yapata 10,000. Taa za umeme zikashika mahali pa mikono ya ishara, na nyumba moja yenye swichi ikaweza kuangalia maili nyingi za njia. Baada ya taarifa ya Dr. Beeching ya mwaka 1963 njia nyingi zilifungwa, na vibanda vyake pamoja nazo. Kufika mwaka 1970 vilisalia yapata 4,000. Mwaka 1985, huko Leamington Spa, kompyuta ilipewa ile kazi ya kufunganisha iliyokuwa ya vyuma. Mwaka 2012 vilihesabiwa yapata 750, na mpango ulikwisha kutolewa wa kuikusanya kazi yote katika vituo vichache vikubwa. Mwaka 2013 vibanda 26 viliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, visibomolewe. Mashuhuri katika vilivyosalia ni kile cha Shrewsbury, kilichomalizika mwaka 1903, chenye nyenzo 180.

Hatusimami hapa kulilia vyuma. Umeme upitao katika reli hulitambua gari lililosimama, usiku na katika ukungu, wala hausinzii. Lau ungalikuwako Quintinshill, wale askari wangalipona. Nasi hapa kwetu, tangu mwaka 2017 yapo magari yaendayo Nairobi kutoka Mombasa kwa reli mpya, ambayo haikungoja mtu avute waya. Vijana wetu na wajifunze kazi hiyo mpya, na Chama kiwasaidie. Lakini mtambo mpya haukuzifuta zile kanuni, bali umezirithi. Usimruhusu mtu kuingia kabla hujajibiwa. Usiseme limetoka kabla hujaiona taa ya nyuma. Andika saa ile ile jambo lilipotokea.

Sasa tunafika kwenye ile sababu ya pili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mwaka huu unaokwisha, michango ya mazishi ya mwanachama mmoja ilipokelewa na watu watatu wa Halmashauri, ikaandikwa kwenye karatasi, kwa nia ya kunakiliwa baadaye. Karatasi moja ilisahauliwa katika mfuko wa koti. Fedha hazikuibiwa, zimepatikana zote. Lakini mjane alikaa majuma mawili akingoja haki yake, na sisi tukamwambia kwamba hakuna kilichobaki, nasi tuliamini tusemayo. Tulisema gari limetoka, na hali lilikuwa limesimama mbele ya mlango wetu. Tumekwenda kumwomba radhi nyumbani kwake mbele ya wazee, naye ametusamehe. Yatupasa tuwaombe radhi na ninyi.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu mapendekezo matatu. Kwanza, fedha yoyote ya Chama iandikwe katika daftari mbele ya aitoaye, naye atie sahihi baada ya kusoma kilichoandikwa. Pili, jina la mwenye haki isiyolipwa liandikwe kwenye ubao wa ofisi, wala lisifutwe mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba amepokea. Hiyo ndiyo pete yetu. Tatu, wazee wetu waliotumikia reli waombwe kusimulia kazi yao, na vijana wetu wenye kalamu waandike, ili maarifa hayo yasizikwe pamoja nao.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Daftari liko hapa mezani, wazi. Kila mwanachama na alitazame kabla hajaondoka.