Kibuyu Hakikaushwi

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa Serikali, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wa sasa.)



 Katibu aliniandikia kwamba nizungumze habari za Mfuko wetu, na kwamba nisirefushe kwa kuwa pilau iko motoni. Nitajitahidi. Lakini naomba ruhusa nipite njia ndefu kidogo, maana nitaanzia kwenye pipa la wiski. Mkuu wa Shule asiwe na wasiwasi. Sikuja kuwafundisha vijana ulevi. Nitataja kinywaji, sitakimimina.

Mwaka 2013 nilikuwa nafanya kazi Geita, mwaka mmoja tu baada ya Geita kufanywa Mkoa. Huko nilifahamiana na mhandisi mmoja mgeni, mtu mzima, mpole. Katika stoo ya nyumba yake alikuwa na pipa dogo la mbao za mwaloni, la lita tano hivi. Ndani yake alichanganya wiski za kimea za namna mbalimbali. Kila aliporudi likizo alikuja na chupa moja au mbili akazimimina humo. Wageni wakifika, aliwachotea. Lakini alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata kwa wakubwa zake: pipa likifika nusu, bomba linafungwa mpaka lijazwe tena.

Nilimwuliza, "Kwa nini usinywe likaisha, kisha ukaanza jingine?" Akanijibu, "Likiisha, nitakuwa na pipa tupu na chupa mpya. Nikibakiza nusu, chupa mpya inakuta wenyeji wa kuipokea."

Jambo hilo hakulibuni yeye. Kule Jerez, kusini mwa Hispania, watengenezaji wa mvinyo hupanga mapipa yao safu juu ya safu. Mvinyo wa kuuza hutolewa katika safu ya chini kabisa, ambayo ndiyo yenye mvinyo mkongwe, na kwa desturi hawatoi zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Pengo lile hujazwa kutoka safu ya pili, ya pili kutoka ya tatu, na safu ya juu hupokea mvinyo mpya. Mpango huo huitwa solera, kwa neno la Kihispania lenye asili ya sakafu, kwa sababu safu ile ya mwisho iko karibu na ardhi. Mwaka 1998 kiwanda cha Glenfiddich cha mji wa Dufftown, huko Uskochi, kiliuchukua mpango huo kwa wiski. Wiski iliyokwisha kukaa miaka 15 katika mapipa ya aina tatu humiminwa katika pipa moja kubwa la mbao, na pipa hilo halishushwi chini ya nusu. Kwa hiyo chupa ya mwaka huu inafanana na ya mwaka jana, maana mpya haiingii peke yake.

Nina mambo mawili ya kuwaambia kuhusu wiski hizo kabla sijaliacha pipa. La kwanza: wiski ikishatiwa katika chupa haikui tena. Unaweza kuiweka kabatini miaka thelathini, itabaki vile vile. Hukua ndani ya mbao tu, na huko nako hulipa kodi, kwani kila mwaka sehemu yake hupotea kwa mvuke kupitia mbao, kwa kiasi cha asilimia mbili hivi kule kwao kwenye baridi. Katika nchi za joto kama yetu hupotea zaidi. Mhandisi wetu alijaza pipa hata miezi ambayo hakupata mgeni. La pili: sheria ya Uskochi inasema umri ukiandikwa kwenye chupa, lazima uwe umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo. Hata ukichanganya ya miaka 40 na ya miaka 15, utaandika 15. Mkongwe hampi mdogo jina lake. Mdogo ndiye anayewapa wote jina.

Basi siku ile stoo ya Geita nilicheka, mwenyeji wangu asijue kwa nini. Nilicheka kwa sababu nilimkumbuka bibi yangu.

Wengi wenu mmekulia katika vijiji vya Shinyanga, mnajua kibuyu cha maziwa. Bibi alikuwa nacho kimoja, cheusi kwa uzee, kilichotundikwa pembeni mwa nyumba. Asubuhi alitoa mtindi wa kula, akaacha kiasi chini, kisha akamimina maziwa mapya juu yake. Kesho yake yote yalikuwa yameganda. Alipotaka samli alikisukasuka. Mwalimu wa baiolojia atawaeleza vizuri kuliko mimi: ndani ya mtindi uliobaki wamo bakteria ambao hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na asidi hiyo huyagandisha maziwa na kuwazuia wadudu wengine wanaoyaozesha. Wengine hukaa katika vitundu vidogo vya ukuta wa kibuyu. Bibi hakuwa na habari za bakteria. Yeye aliita kile kilichobaki chini "mbegu".

Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Siku moja watu wazima wote walikuwa shambani. Njaa ilinishika, nikakishusha kibuyu, nikanywa mpaka nikakiinamisha. Kisha hofu ikanijia. Nikaona dawa ya kosa ni usafi. Nikatia maji ya moto na sabuni, nikatikisa, nikasuuza mara tatu, nikakirudisha kikiwa kinang'aa. Bibi aliporudi hakunipiga. Alikinusa, akaketi chini, akasema, "Mjukuu wangu, kunywa si kosa. Umekula mbegu." Jioni alikwenda kwa jirani na kikombe kuomba mtindi. Maziwa yaliganda tena, lakini kwa muda mrefu ladha haikuwa yetu. Ilikuwa ladha ya nyumba ya jirani.

Wadogo zangu mnaopenda hisabati, chukueni kalamu. Ukiwa na chombo kilichojaa, ukatoa nusu kila mwaka na kujaza upya, sehemu ya kwanza kabisa hubaki nusu, kisha robo, kisha thumni. Baada ya miaka 10 imebaki sehemu moja katika 1,024. Imekuwa ndogo sana, lakini kwa hesabu haiishi. Tena angalieni umri. Ukitoa nusu kila mwaka kwa miaka mingi, wastani wa umri wa kilichomo kabla ya kutoa utakuwa miaka miwili. Ukitoa robo, miaka minne. Ukitoa sehemu moja ya kumi, miaka kumi. Kwa hiyo ukongwe wa chombo hautegemei kilianza lini. Unategemea mkono wa anayechota. Wahenga walikwisha kutuonya: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nimefika kwenye Mfuko.

Wengi hapa hawajui, na waliojua wamenistahi kwa kunyamaza. Mwaka 2009 mimi ndiye niliyekuwa mtunza hazina wa Mfuko huu. Nilikuwa kijana, nina digrii, nina haraka. Wakati ule ada ilikuwa bado inalipwa. Maombi yakawa mengi, nasi tukaona aibu kumkatalia yeyote. Nikatia sahihi. Tukamlipia kila aliyeomba, mpaka shilingi ya mwisho. Tulipigiwa makofi katika mkutano kama huu, hapa hapa. Sikula hata senti moja, na hesabu zangu zilikaguliwa zikaonekana safi. Zilikuwa safi kama kile kibuyu.

Mwaka uliofuata michango ilikuwa haba. Watu huchangia chombo chenye kitu. Chombo kitupu hukiogopa. Akaja kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, hodari wa fizikia, baba yake amefariki miezi miwili kabla. Tulimwandikia barua ya masikitiko. Barua hiyo niliiandika mimi.

Miaka minne baadaye, huko huko Geita, nilikwenda kwa shughuli za kikazi kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye karasha, mwili wote vumbi jeupe, aliniita. "Shikamoo, kaka. Hunikumbuki?" Ndiye. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwaka ule mlisema Mfuko umeisha." Alishuka kwenye duara kwa mara ya kwanza mwezi ule ule alioipokea barua yangu.

Sisi watu wa ukanda huu wa dhahabu tunajua kitu kisichojazwa kikoje. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na ikapita miaka mingi kabla ya mgodi wa sasa kuanza uzalishaji mwaka 2000. Buzwagi, pale Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufikia tamati mwaka 2021. Sisemi uchimbaji ni kosa, umesomesha wengi. Ila dhahabu ikitoka haimiminwi tena. Lakini Shinyanga hii hii imetufundisha pia somo la pili. Tangu mwaka 1986, chini ya mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, wananchi walifufua ngitili zao: malisho yanafungwa wakati wa mvua, yanafunguliwa kiangazi, na miti inarudi mahali palipoitwa jangwa. Baba zetu walijua namna ya kuchota na kubakiza. Ni sisi wasomi tuliosahau.

Leo mchana tutapiga kura juu ya pendekezo la kuchukua akiba yote ya Mfuko ili tumalizie paa la ukumbi. Walioleta pendekezo ni rafiki zangu, na nia yao ni njema kama ilivyokuwa yangu. Ukumbi unahitajika, nawaona vijana wamesimama juani. Hata hivyo nasimama kulipinga. Tutoe nusu. Paa lingoje mwaka mwingine. Ni kweli kwamba ada imefutwa, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne tangu mwaka 2016, na cha Tano na Sita tangu mwaka 2022. Lakini Mkuu wa Shule atawaambia ni wangapi wanaokwama kwa nauli, sare na godoro. Paa linaweza kungoja. Mtoto wa Kidato cha Tatu hangoji.

Naongeza maombi mawili. Kila darasa linalomaliza limimine chochote, hata kama ni kidogo, ili Mfuko usiwe wa wazee peke yao. Na kamati inuse kabla ya kumimina, kama bibi alivyonusa maziwa. Fedha ikija na masharti ya mtu, au haijulikani imetoka wapi, irudishwe kwa adabu. Katika chombo cha kuchanganya, kibaya kikishaingia hakitolewi peke yake.

Nanyi wadogo zetu, msidhani ninyi ni wa kupokea tu. Kumbukeni ile sheria ya Uskochi. Watu wakitaka kujua shule hii ina thamani gani, hawataniuliza mimi mwenye mvi. Watamtazama aliyeingia Kidato cha Kwanza mwezi Januari. Jina letu sote linaandikwa kwa umri wenu.

Yule mhandisi aliondoka Geita mwaka 2015. Pipa alimwachia mwenzake, likiwa limejaa, pamoja na lile sharti. Nilisikia kwamba lilimalizika usiku wa sherehe ya kumuaga.

Bibi naye ameshatutoka. Kibuyu chake kilipasuka zamani, lakini kabla hakijapasuka alikwisha kumgawia shangazi mbegu, naye shangazi akamgawia binti yake. Nilipita kwao mwezi uliopita, nikapewa mtindi. Nilikunywa nusu kikombe, nikaomba nusu irudishwe kibuyuni. Shangazi akacheka sana, akaniambia kilichogusa mdomo hakirudi kibuyuni, ninywe tu, mbegu ilikwisha kuachwa tangu asubuhi.

Ndugu Mwenyekiti, hilo ndilo ninaloliomba kwa Mfuko wetu: mbegu iachwe asubuhi, kabla ya njaa kutushika.