Shangazi Anasema na Maharusi

Wanangu, muziki upumzike kidogo. Habari za kupika na kupendana mmeshaambiwa mpaka mmechoka. Mimi nitasema juu ya ugomvi.

Nimekaa vikao vingi vya usuluhishi hapa Kirumba, Mwanza, na karibu vyote vilianzia kwenye jambo dogo. Chukueni mfano: mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi. Mitumbwi inalala, mfuko unakauka. Mke anauliza hela ya marejesho ya kikundi cha mikopo. Ameuliza hela tu, lakini mume anasikia kwamba ameambiwa si mwanamume. Anajibu kwa kumtukana mama mkwe. Mke naye anafukua ya mwaka juzi. Hapo hela imeshasahaulika, anatafutwa mshindi, na mwenye mkono mzito anajua atashindaje.

Halafu kwenye kikao tunaambiwa, “Hasira zilimpanda.” Jamani! Asubuhi ile ile tajiri wa mtumbwi alimtukana mume huyo huyo pale soko la Mwaloni mbele ya wachuuzi, naye akaitikia, “Sawa, bosi.” Hasira ilikuwepo, mkono ukatulia. Mwanangu bwana harusi, anayepiga nyumbani tu hakushindwa kujizuia. Amejipa ruhusa, na wazee wa ukoo wameigawa sana ruhusa hiyo, eti kumfunza mke. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, ilishasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Hata hivyo, watafiti wa mradi wa MAISHA walipowauliza wanawake wa vikundi vya mikopo humu humu Mwanza, asilimia 61 walisema wameshapigwa au kulazimishwa kitandani na wenza wao. Watazameni mama zenu waliokaa hapa, mpige hesabu.

Basi mkigombana kuhusu hela, gombaneni kuhusu hela. Wazazi wasitajwe. Usirudi na pombe kichwani ukadai maelezo. Na anayetaka kutoka nje apumue, apishwe: wengi walioletwa kwetu na majeraha waliumia mlango ukiwa umezibwa.

Bibi harusi, akikunyanyulia mkono mara ya kwanza, usingoje ya pili. Njoo kwangu, hata usiku wa manane. Nisipokuwepo, nenda dawati la jinsia pale polisi, useme kilichotokea bila kupunguza. Nanyi wazazi wa binti mliopokea ng'ombe, akija kwenu analia, msimpakie bodaboda kumrudisha usiku ule ule.