Sonda Imebadilishwa, Taa Bado Inawaka

Fungu la leo: Yoshua 7:1-26

Fungueni Biblia zenu Yoshua sura ya 7, muiache wazi.

Ndugu mmoja dereva ana RAV4 ya zamani ya esansi, inayofanya njia ya Baraka. Taa ya moteri iliwaka. Gari likaanza kunywa esansi kama mgonjwa wa homa anavyokunywa maji, moshi ukawa mweusi. Fundi akachomeka mashine ya kusoma makosa, ikaonyesha sonda ya oksijeni. Akaing'oa, akaweka nyingine iliyokwisha tumika. Siku mbili, taa ikarudi. Ndugu akaagiza mpya toka Uvira, kwa dola alizowawekea watoto za shule. Taa ikarudi tena. Hapo watu wakaanza kusema gari limerogwa.

Sonda ni kitu kidogo kama kidole, kimepachikwa kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kunusa moshi na kuijulisha kompyuta ya gari oksijeni iliyobaki. Ikishapata moto, digrii 300 na zaidi, inatoa umeme mdogo sana: karibu volti 0.1 oksijeni ikiwa nyingi, karibu volti 0.9 esansi ikizidi. Gari likiwa zima, namba hiyo hupanda na kushuka bila kutulia, na kompyuta hupima esansi kwa kuifuata.

Fundi wa tatu, kijana tu, hakununua kitu. Alifuata nyaya kwa vidole, akaangalia fyuzi, akapima kwa multimeta. Namba ilikuwa chini, haipandi. Akaongeza esansi kidogo kwenye njia ya hewa, na namba ikaruka juu mara moja. Basi sonda ni hai! Kesho yake asubuhi, moteri ikiwa baridi, akaiwasha na kuziba kidogo mwisho wa bomba kwa kitambaa kilicholowa, akatega sikio. Pf, pf, pf, pale bomba linapoungana na moteri. Joanti ilikuwa imeungua.

Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba huvuta hewa ya nje kupitia ufa. Sonda ilinusa hewa hiyo ikasema oksijeni ni nyingi. Ilisema kweli. Kompyuta ikadhani esansi ni haba, ikazidi kuimwaga. Sonda mbili zilitupwa kwa kosa la joanti ya dola chache.

Sasa Yoshua. Israeli walishindwa na Ai, mji mdogo, wakafa watu 36. Yoshua alianguka kifudifudi mpaka jioni. Hakumtaja mtu. Bwana mwenyewe ndiye aliyewatwaa kabila kwa kabila, ukoo kwa ukoo, nyumba kwa nyumba, mpaka Akani. Sisi watu wa Misisi tunachimba dhahabu toka chini. Yule aliichimbia chini, ndani ya hema yake. Na angalieni mstari wa 22, ambao wahubiri wengi tunauruka. Akani amekwisha kukiri, tena kwa kinywa chake. Hata hivyo Yoshua anatuma wajumbe wakimbie hemani wakaone kwa macho. Ikiwa neno lililotoka kwa Bwana lilihakikishwa hivyo, neno lililotoka kwa ndoto ya mtu je?

Nasema haya kwa sababu ya nyumba moja ambayo wengi mnaijua. Sitaitaja. Shimo halitoi kitu, na mtoto anapata homa kila mara. Wakaenda kwenye chumba cha maombi, wakatajiwa mama mkwe mzee. Yule mama aliyekuwa akiwaambia kila siku kwamba mtoto analala bila chandarua, na kwamba pesa ya shimo inaishia kwenye pombe! Wamemtoa nje na mkeka wake. Sasa ni wiki ya tatu analala kwa jirani, na wapo vijana wanaozungumza habari ya mawe na petroli.

Mtoto bado ana homa. Mama ametolewa, taa inawaka. Je, kuna aliyempeleka kupimwa malaria? Kuna aliyeangalia maji wanayochota? Mimi naamini kuna roho mbaya, nimeomba nikaona watu wakifunguliwa. Lakini Kumbukumbu la Torati 19:15 inadai mashahidi wawili au watatu, na ndoto moja haijatimiza hesabu hiyo.

Leo saa kumi mchana wazee wawili wa kanisa watakwenda pamoja nami kumrudisha mama huyo nyumbani. Wenye nyumba, tuachieni mlango wazi. Kesho asubuhi mtoto apelekwe kupimwa. Pesa ya kipimo iko kwa shemasi, mje kuichukua. Nanyi vijana, nawajua kwa majina. Njoni saa kumi, mtubebee mkeka wake.