Kuku Waliorudi Kutoka Nane Nane
Maneno ya kamati ya fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka



Mmeona kwenye taarifa ya mapato kwamba mradi wa kuku wa akina mama wa nyumbani haukuleta kitu mwaka huu. Wapo waliotupigia simu kuuliza nani kala hela. Hakuna aliyekula. Kideri ndicho kilichokula, na mlango tuliufungua sisi.

Mwezi wa 8 tulipeleka majogoo na mitetea kwenye maonyesho ya Nane Nane ya kanda yetu. Walipendeza kweli, na watu waliuliza sana mayai ya kutotolesha. Lakini banda la maonyesho hukusanya kuku wa wilaya nyingi, tenga kwa tenga, vyombo vya maji vinaazimana, na wageni wanamshika huyu kisha yule. Kideri husafiri kwa kinyesi, kwa makamasi, kwa matenga, hata kwa soli za viatu. Kuku aliyeambukizwa aweza kukaa siku kadhaa, mara nyingi 5 au 6, akionekana mzima. Wa kwetu walirudi wakiwika. Siku hiyo hiyo tukawaachia kwa wenzao. Wiki ya pili mabanda yakawa kimya.

Majirani wengine waliwahi kuuza waliobaki gulioni. Ada za shule zilikuwa zinasubiri, hatuwalaumu. Lakini ndivyo ugonjwa ulivyofika vijiji vya ng'ambo ya mto.

Tumerudi kwenye vitabu. Bajeti ya maonyesho ilikuwa na nauli, fulana, bango na posho. Chanjo haikuwa na mstari. Sahihi zilizoidhinisha ni zetu. Na chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, awe jogoo au kifaranga, kila baada ya miezi 3, na dozi moja haifikii bei ya yai. Inahimili joto kuliko za zamani, ila jua huiharibu, na haimponyi aliyekwisha kuugua.

Kuna wanaosema tuache maonyesho kabisa. Mwaka 2015 majimbo ya Minnesota na Iowa, Marekani, yalizuia maonyesho ya kuku hai kwa sababu ya mafua ya ndege, kwa hiyo si wazo la kijinga. Sisi tunaona twende, kwa kuwa wateja wetu wako pale. Ila kuku wachanjwe wiki 3 kabla, na wakirudi wakae wiki 2 kwenye kibanda cha peke yao, mbali na wengine, wakihudumiwa na mtu asiyeingia mabanda mengine.

Kibanda hicho, chanjo za mwaka mzima, na mafunzo ya vijana 2 wa kuchanja ndivyo tunavyovichangia leo. Fomu za ahadi ziko mezani kwa katibu. Kila atakayetoa atapewa stakabadhi, na safari hii chanjo ina mstari wake.