Maji ya Mvua: Kujifunza kwa Waliotangulia



Katiba ya 2010 iliziachia serikali za kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua mijini. Kazi hiyo haina dawa moja inayofaa kila mahali, na ndiyo maana ni vyema kutazama walikopita wengine.

Jirani wa karibu ni Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu mitaani pamoja na wenyeji, wakachora mitaro, vijito na nyumba. Wakazi waliulizwa mafuriko hufika wapi. Somo ni kwamba mtaro usiojulikana ulipo hausafishwi, na anayejua njia ya maji ni yule anayeishi hapo.

Mji wa Beira, Msumbiji, uko chini karibu usawa wa bahari. Mto Chiveve unaopita katikati yake ulikuwa umezibwa na mchanga na taka. Ulisafishwa, mikoko ikapandwa, na kando yake pakatengenezwa bustani ya umma. Mto uliofanywa jaa ukarudi kuwa njia ya maji.

Lakini kuiga si kunakili. Diani na Ukunda zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe unaonyonya maji haraka. Mvua hujaza visima, ila uchafu wa vyoo vya shimo na taka nao hupenya humohumo. Shimo la kupokea maji ya mvua lazima liwe mbali na kisima, na maji yapite kwanza kwenye nyasi na mchanga. Mtaro unaoishia ufukweni nao hushindwa kumwaga wakati wa bamvua, na hupeleka taka kwenye miamba wanakozaliana samaki.

Kwale pia ina la kufundisha. Kule Gazi, wanajamii wa Mikoko Pamoja wamelinda mikoko kwa zaidi ya miaka kumi, na mizizi yake hushika tope lisifike baharini.

Ukuta mmoja uliojengwa kwenye mkondo humpelekea jirani maji hadi sebuleni. Basi katika vikao vya maoni ya umma, kila mradi wa mtaro uulizwe maswali matatu: maji yanatoka wapi, yataishia wapi, na nani atausafisha kabla ya masika?