Wageni wa Buganda Katika Jiji la London, 1902



Katika mwezi wa Mei, 1902, watu wawili wa Buganda waliondoka Mengo kwenda Uingereza. Mmoja alikuwa Apolo Kagwa, Katikiro, yaani Waziri Mkuu wa Buganda. Wa pili alikuwa Ham Mukasa, karani wake. Walifuatana na mmisionari, Bwana Ernest Millar, aliyekijua Kiganda. Walikuwa wamealikwa kwenye sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na siku iliyowekwa ilikuwa tarehe 26 Juni.

Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika ukingoni mwa ziwa, mahali paitwapo Kisumu sasa, mwezi wa Desemba 1901. Kwa hiyo mwendo wa maili zipatazo 580, ambao misafara ya wapagazi iliutembea kwa miezi, wageni hao waliweza kuupita kwa siku chache ndani ya gari la moshi. Mombasa wakapanda meli.

Walifika London mwezi wa Juni. Lilikuwa jiji lenye watu zaidi ya milioni 6, pamoja na vitongoji vyake. Motokaa zilikuwa chache bado. Njia zilijaa magari ya kukokotwa na farasi, na hewa ilijaa moshi wa makaa. Chini ya ardhi, hata hivyo, zilipita treni za nguvu za umeme. Njia mojawapo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1900, na mtu alilipa peni 2 tu, akashushwa ndani ya chumba kinachoteremka chenyewe, akapanda treni. Katika mto Thames lilikuwako daraja la Tower, lililofunguliwa mwaka 1894, ambalo hugawanyika katikati na kuinuka juu ili meli ipite.

Lakini kwa mtu wa Mengo, mji ulio karibu na Ikweta, pengine ajabu kuu haikuwa kazi ya mikono ya watu. Kwao jua hutua saa kumi na mbili au karibu yake, mwaka mzima. London, katika mwezi wa Juni wa miaka ile, lilitua saa mbili za usiku zikiwa zimekwisha kupita, nalo likachomoza tena kabla ya saa kumi za alfajiri. Mgeni wa namna hiyo ale chakula cha usiku saa ngapi, na alale lini?

Bahati njema ni kwamba Ham Mukasa alikuwa mtu wa kuandika. Alizitunga habari za safari kwa Kiganda, na tafsiri ya Bwana Millar kwa Kiingereza ilipigwa chapa mwaka 1904. Desturi yake ni kupima vitu vya ugenini kwa vipimo vya nyumbani, ili msomaji wa Buganda avione kana kwamba vimesimama uani kwake. Msafiri anayesema tu kwamba kitu ni kikubwa mno hajamwambia mtu neno lolote.

Njia za jiji zilikuwa zimekwisha kupambwa kwa bendera na matao, na majukwaa ya mbao yamejengwa kwa watazamaji. Ndipo tarehe 24 Juni, siku mbili tu kabla ya sherehe, ikatangazwa kwamba Mfalme ni mgonjwa. Alikuwa na jipu karibu na kidole tumbo, na siku ile ile alipasuliwa na Sir Frederick Treves katika jumba lake la Buckingham. Hakuna aliyejua kama atapona. Watu waliotoka mbali namna hiyo kwa ajili ya siku moja, sasa siku yenyewe haikuwako.

Jambo moja halikuahirishwa. Mfalme alikuwa ameagiza maskini wa London walishwe, na tarehe 5 Julai karamu hiyo ilifanywa katika sehemu nyingi za jiji. Waliokula walikuwa karibu nusu milioni. Hesabu hiyo yafaa kuwekwa kando ya treni za umeme na lile daraja. Mgeni aongozwaye na mwenyeji huona aonyeshwayo, na sifa za Ham Mukasa kwa Waingereza ni nyingi kupita kiasi mahali pengine. Lakini jiji lile lile lililong'aa kwa taa lilikuwa na wenye njaa wengi kama hao.

Mfalme alipona. Wiki zile za kungoja ziliwapa wageni nafasi ya kutazama mengi, hata katika miji mingine ya Uingereza, kuliko ambavyo wangaliona kama mambo yangalikwenda yalivyopangwa. Kutawazwa kulifanywa tarehe 9 Agosti katika kanisa la Westminster Abbey. Siku moja kabla yake, huko Mengo, Kabaka Daudi Chwa, ambaye Katikiro alikuwa mmoja wa watawala watatu waliomshikia nchi, alitimiza umri wa miaka 6.