Ulimi Ushindane, Mkono Usinyimwe
(Hotuba kwa wazee wa mitaa na walimu wa Kinondoni na Temeke)



Nimetakiwa niseme juu ya umoja wa watu wa mitaa yetu katika siku hizi za vyama vingi. Neno hili la umoja limesemwa mara nyingi hata limekuwa kama wimbo ambao watu huuitikia bila kusikiliza maneno yake. Kwa hiyo sikuja kuwahimiza mpendane tu. Nataka kuonyesha jambo moja, nalo ni hili: watu wa mtaa mmoja waweza kuhitilafiana sana katika mambo ya siasa, na bado wakawa watu wa kazi moja, iwapo wataitenga kazi ya mtaa na bendera ya chama. Wasipoitenga, hata mfereji mdogo hauzibuliwi.

Nitaanza na kisa nilichokiona kwa macho yangu. Katika mtaa mmoja wa Temeke, ambao sitautaja jina, ulikuwako mfereji uliopita nyuma ya nyumba kama thelathini. Mfereji ule ukajaa mchanga na taka. Wazee wakawaita watu siku ya Jumamosi waje na majembe na makoleo, nao wakaja wengi. Lakini kijana mmoja alikuja amevaa shati la chama chake. Jirani yake alipomwona akasema, "Kumbe kazi hii ni ya hao? Basi mimi narudi kwangu." Yule kijana naye akamjibu kwa maneno makali, na kabla ya saa tatu ya asubuhi watu walikuwa wamekwisha gawanyika makundi mawili, na majembe yakarudi nyumbani makavu.

Juma la pili mvua kubwa ikanyesha usiku. Maji yakaingia katika nyumba zote za upande wa chini, nyumba ya mwenye shati na nyumba ya yule aliyekasirika. Asubuhi niliwaona wote wawili wakianika magodoro yao juu ya ukuta mmoja, wala hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi: tulikosa nini? Majembe tulikuwa nayo, nguvu tulikuwa nazo, na nia ilikuwako, kwani watu walikuja. Tulikosa utaratibu tu.

Tusiwalaumu wale wawili bure, maana jambo hili lina asili yake. Tangu miaka ya 1960 mjumbe wa nyumba kumi alikuwa kiongozi wa chama, na papo hapo alikuwa mzee wa ujirani. Yeye ndiye aliyesuluhisha magomvi, ndiye aliyemjua mgeni aliyehamia, na ndiye aliyeita watu kazini. Chama kilikuwa kimoja, kwanza TANU, na tangu mwaka wa 1977 CCM. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya mtu kuuliza kama mwito ni wa chama au ni wa mtaa. Mwaka wa 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iwaulize watu shauri lao. Watu kama wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Lakini tume iliona kwamba hao wawili waliobaki nao ni raia, ikashauri vyama vingi viruhusiwe, na mwaka wa 1992 sheria ikabadilishwa.

Tangu hapo serikali ya mtaa ni ya wakazi wote, waliompigia kura mwenyekiti na wasiompigia. Sheria iliyatenga mambo mawili kwa siku moja, lakini mazoea ya watu hayatengwi kwa siku moja. Ndiyo sababu hata sasa mtu akisikia mwito wa kuzoa taka hutazama kwanza ni nani aliyeita.

Je, ni jambo geni kwetu watu kushindana na huku wakasaidiana? Sivyo hata kidogo. Sote twaujua utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani aweza kukutania mbele ya wakwe zako, akakunyang'anya kofia yako, wala huwezi kumshitaki. Lakini ukifiwa, mtani huyo huyo hufika mapema, akashika kazi za mazishi, na maneno yake ya mzaha huwaondolea wafiwa uzito. Wazee wetu walijua kwamba watu hawawezi kuwa na sauti moja. Hawakujaribu kuziba midomo. Waliupa ulimi uwanja wake, na mkono wakaupa wajibu wake.

Kadhalika ngoma ya beni katika mji huu ilikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti, nao walishindana kwa mavazi, kwa tarumbeta na kwa nyimbo za kejeli. Baadaye ikaja mipira: Yanga ikaanzishwa mwaka wa 1935 na Simba mwaka wa 1936, na leo katika nyumba moja baba ni wa Yanga na mwana ni wa Simba, nao wala sinia moja.

Najua mtu atasema, "Siasa si mpira." Ni kweli. Siasa yahusu kodi, ardhi, sheria na haki, na mtu aweza kuumizwa kwayo. Mwaka wa 2025, siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba, ghasia zilitokea katika mji huu. Watu wakafa, na amri ikatolewa ya kutotoka nje usiku. Juu ya sababu zake na juu ya hesabu ya waliokufa watu hawakupatana. Mimi sikuja kuamua shauri hilo hapa. Nasema neno moja tu: mambo kama hayo hayapunguzi haja ya ujirani, bali huizidisha. Siku mji unapofunga milango, atakayekugawia unga au maji ya kunywa ni mtu wa ukuta wa pili. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kampeni ni msala upitao, na jirani ndiye mbachao.

Sasa nitaje mifano mitatu ya kweli, ili mtu asidhani nasema mambo ya kuwaziwa tu.

Wa kwanza ni wa Hananasif, katika Kinondoni, kando ya bonde la Msimbazi. Mahali pale palijengwa nyumba nyingi bila ramani, na kila masika maji yaliwatesa watu. Wenyeji wakaunda jumuiya yao ya maendeleo, na mwaka wa 1994 kazi ya mifereji na barabara ikaanza, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine. Kazi haikupewa mitambo mikubwa. Ilifanywa kwa mikono ya wenyeji wenyewe, wanaume kwa wanawake, nao wakalipwa ujira. Angalieni mwaka huo. Mwaka wa 1994 ndio ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa tangu vyama vingi kurudi, na uchaguzi mkuu ukafuata mwaka wa 1995. Yaani watu wale walichimba mfereji mmoja katika miaka ile ile ambayo kwa mara ya kwanza walikuwa wakipiga kura mbali mbali.

Mfano wa pili ni wa kipindupindu. Mwezi wa Agosti 2015 ugonjwa huo ulitokea Kinondoni, wakati kampeni za uchaguzi zikiwa tayari kuanza, kisha ukaenea Temeke, Ilala na mikoa mingine. Kabla mwaka kwisha watu zaidi ya 10,000 katika nchi walikuwa wameugua, na waliokufa walipita mia. Ninyi mwajua jinsi ugonjwa huu unavyokwenda. Mtu mmoja akitapisha choo chake wakati wa mvua, uchafu hupita katika mifereji ya wote, ukaingia visimani na katika vyakula vya njiani. Hapo usafi wa nyumba moja haumwokoi mwenye nyumba.

Oktoba ya mwaka ule majimbo ya Kinondoni, Kawe na Temeke yalichukuliwa na vyama vya upinzani, na Mbagala likabaki kwa CCM. Kisha Rais John Magufuli akazuia sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, akaamuru siku ile itumike kwa usafi, naye mwenyewe akashika ufagio karibu na soko la samaki la Feri. Walioshinda na walioshindwa katika mitaa yetu wakatoka na mafagio. Lakini swali langu si la siku ile. Kufagia siku moja kwa amri ni rahisi. Swali ni nani aliyefagia mwezi wa tatu na wa nne, wakati hapakuwa na mpiga picha.

Mfano wa tatu ni wa Kunduchi Mtongani, nao ni wa kutuonya tusifikiri kwamba umoja maana yake ni kunyamaza. Watu wa Tabata walikuwa wamelishitaki Baraza la Jiji mwaka wa 1988 kwa ajili ya moshi na uvundo wa jaa la taka, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, katikati ya makao ya watu. Basi wakazi wa huko nao, zaidi ya mia saba, wakaungana katika shauri moja mwaka wa 1991, wakashinda. Hawakurusha mawe, wala hawakulalamika kila mtu peke yake barazani pake. Waliandika majina yao pamoja wakaenda mbele ya jaji. Hiyo nayo ni kazi ya mtaa kama kuchimba mfereji ulivyo kazi ya mtaa.

Sasa, tufanyeje? Nina mashauri matano, wala si makubwa.

La kwanza, siku ya kazi ya mtaa mtu ye yote asije na shati, kofia, bendera wala wimbo wa chama. Na hii iwe sheria kwa wote, hasa kwa wenye nguvu, maana sheria ikimbana mdogo peke yake huwa dhuluma.

La pili, kamati ya kazi ichaguliwe kwa nyumba, si kwa vyama. Kila safu ya nyumba zinazotumia mfereji mmoja imtoe mtu wake, na akina mama wasisahauliwe, kwani wao ndio wanaochota maji na kuwauguza wagonjwa. Mwenye kushika fedha na mwenye kuandika daftari wasiwe wa upande mmoja.

La tatu, hesabu isomwe hadharani kila mwezi na kubandikwa ukutani. Nimeona mara nyingi kwamba shaka ya fedha hugeuka upesi kuwa shaka ya chama. Mtu akipotewa na shilingi elfu mbili za mchango hasemi, "Mweka hazina amekosea," bali husema, "Hao ndivyo walivyo."

La nne, mgombea au mkubwa wo wote akileta saruji au mabomba, yapokewe kwa shukrani kwa jina la mtaa, yaandikwe daftarini, wala pasitolewe hotuba juu ya mfereji. Mfereji uliojengwa kwa jina la mtu mmoja hukosa wa kuuzibua siku mtu huyo anaposhindwa.

La tano, kadi ya chama isiulizwe katika msiba, wala katika ugonjwa, wala katika kugawa msaada. Desemba ya mwaka wa 2011, mafuriko yalipoua watu wasiopungua arobaini katika mji huu, na wengi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande, maji hayakuwa yamechagua. Basi mkono unaosaidia nao usichague.

Ninyi walimu nina neno kwenu. Watoto wa vyama vyote wameketi katika dawati moja mbele yenu. Mtoto anayemsikia baba yake akimwita jirani adui, kisha akapewa shuleni kazi ya kuchota mchanga pamoja na mtoto wa jirani huyo, atakuwa na elimu ambayo baba yake hana. Na kwa kuwa watu wawaamini katika kuandika, msikatae mkiombwa kutunza daftari la mtaa.

Ninyi wenyeviti nanyi sikieni. Mlichaguliwa kwa tiketi ya chama, na hilo si kosa; ndivyo sheria isemavyo. Lakini jirani aliyewapinga akija kutaka barua, au akija kusema kwamba mfereji wake umeziba, mtazameni kama mwenye nyumba katika mtaa wenu. Siku mtakapomfanyia haki yeye, mwito wenu utakuwa mwito wa mtaa.

Jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga yale matatu hayalingani, wala hayakutoka shimo moja, bali yakitengwa vizuri hushika chungu kisimwagike. Masika hayako mbali. Mfereji ule wa Temeke niliowaambia ungali una mchanga ndani yake, na wale majirani wawili wangali hai. Jumamosi ijayo, saa moja ya asubuhi, nitakwenda na koleo langu, nami nimewapelekea wote wawili habari kila mtu nyumbani kwake. Nimewaambia waje na mashati makuukuu.